Kipumulio

Kalunde alilileta gari Isevya siku ya Jumatatu,
refu kama mtu aliyepanda kiti achungulie dirishani,
na nyuma yake, toka kona ya msikiti hadi kwangu,
nukta nyeusi, nukta nyeusi, nukta,
kama sentensi isiyojua iishie wapi.

"Hii sili ya tatu," akasema.
"Kaliua waliweka. Sikonge wakaweka.
Wote wamekula, gari bado linakojoa."

Sikumjibu. Nilitandika gunia la tumbaku, nikaingia chini.
Inchi nne lilikuwa limeinuliwa:
springi za Fuso, mabati manene
yaliyochomelewa na mkono wenye haraka.
Mkono huo naujua. Ni wa Mihayo, mdogo wake,
aliyetaka kuvuka Koga masika bila kulowa magoti,
akainua bodi, akainua sauti ya redio,
kisha akaifuata dhahabu Kahama
na simu yake ikazoea kutopatikana.

Ila propela hakuiambia.
Ukipandisha kichwa, kiuno ndicho kinachojua.

Aliyenifunza kazi alinipiga kofi kwa hili:
fungua tundu la kujazia
kabla hujagusa la kumwagia.
Nani amwage asichojua atakirudishaje?
Lile la juu likagoma.
Nikalipaka dizeli, nikaliacha, nikanywa chai,
nikarudi kuligonga kwa adabu,
spana ya ishirini na nne, bomba kwenye mpini, meno yamebana,
tka.

Mafuta yakashuka yana chenga za fedha.
Hizo hazinitishi, ni uzee wa meno yaliyofanya kazi.
Nikapiga mstari wa chokaa kwenye fulanji
ili kila upande umkumbuke mwenzake,
nikashusha shafti, nikazungusha nati kubwa,
nikaichomoa sili.

Nzima.
Mdomo laini, kispringi chake mahali pake.
Unamfukuza mwizi usiku kucha
unakuta kufuli halijaguswa.

Ndipo nikapitisha mkono kule juu ya transfa,
ambako hutoki bila kuacha ngozi,
nikakipapasa kipumulio.
Mpira wake ulivutwa siku bodi ilipopandishwa,
ukakatika, ukabaki mdomo wazi,
na nyigu wa udongo akaona chumba kisicho na mpangaji.
Alijenga. Alipiga lipu.
Transfa ikichemka, hewa inavimba humo ndani,
inatafuta mlango, haupati,
inayasukuma mafuta palipo panyonge.

Nilimwekea Kalunde bonge lile kiganjani,
jekundu, gumu kama tofali la Kiloleni.
Likapasuka. Ndani, buibui watatu
waliolazwa akiba ya mtoto ambaye hakutoka.
Akalitazama.
"Miezi saba," akasema.
Sikumwuliza anahesabu nini.

Nikavuta mpira mpya mita mbili
hadi kwenye boneti, ambako hata mto ukijaa haufiki.
Sili mpya nikaigonga kwa kipande cha bomba la maji,
kidogo kidogo, pembeni, pembeni,
nikaiacha milimita moja nje ya wenzake wa zamani
ili mdomo wake upate chuma kisichochakaa.
Nikaishusha na transfa kwa washa nene,
propela ikaacha kukunja shingo.

Usiku nilitandaza boksi la sabuni chini ya gari.
Alfajiri nikalivuta:
tone moja, katikati.
Na sisimizi, wamejaa, wamelizunguka.

Tangu lini sisimizi akanywa mafuta ya gia?
Nikagusa, nikalamba.
Asali ya Kitunda. Pipa lake la nyuma, kifuniko hakikukaza.

"Hilo si langu," nikamwambia.
Alicheka akaegemea tairi,
kisha akasogea pembeni na simu sikioni,
muda mrefu kuliko wa mtu anayeambiwa haipatikani.
Sikutega sikio. Nilikuwa nafuta spana.

Kwenye daftari niliandika:
sili moja, mpira mita mbili, washa nne, mafuta ya gia.
Nyigu sikumwandikia bei.