Swali la Kumi na Saba

Nilipewa madodoso arobaini, kalamu tatu za bluu
na posho ya siku sita isiyotosha siku nne.
Kazi: kuzunguka vituo, Holili hadi Boma Ng'ombe,
kuwauliza askari dawa gani inawatisha
kwa kipimo cha moja hadi tano.

Himo, mkuu wa kituo alijaza amesimama,
kama mtu anayesaini risiti ya mkaa.
Mirungi, tano. Bangi, tatu. Heroini, moja.
"Mirungi ndiyo tunayoikamata," alisema,
nami nikaandika, ingawa sikuuliza hivyo.
Panya wa mtegoni si panya wote wa ghalani.

Kiborloni, Afande Shose hakuwa na kiti cha kunipa.
Tulijazia juu ya kreti la soda.
"Tishio kwa nani? Kwangu, au kwa mtaa?"
Nikapekua maelekezo. Hayakusema.
Tukaweka nne.

Holili, Koplo Elifuraha alinifungulia stoo ya vielelezo.
Daftarini, viroba kumi na viwili.
Ukutani, kumi na kimoja.
"Panya," alisema, anatazama kufuli.
Dodoso halina kisanduku cha panya.
Niliandika pembeni kwa penseli,
nikafuta,
nikaandika tena.

Siku ya tano, Majengo, mvua.
Sajini Ndeonansia, miaka ishirini na sita kazini,
miwani imeshikizwa kwa uzi mweusi.
Swali la kumi na saba:
dawa ipi ni tishio kubwa zaidi katika eneo lako?
Akaweka kalamu chini.
"Andika unga. Weka tano."
"Mwaka huu mmekamata kiasi gani?"
"Hata kete moja."
Nikangoja. Bati likapigwa, likapigwa.
"Kwangu mifuniko ipo, masufuria hayapo.
Mlango wa choo umebaki bawaba.
Kijana wangu ana miaka ishirini na miwili,
anatembea ameinama
kama mtu aliyedondosha sindano mchangani.
Sasa niambie, binti yangu, na karatasi zako:
hiyo ni taarifa ya kituo
au ni umbea wa mama?"

Nilimwambia ni taarifa.
Akasaini, akagonga muhuri,
akapiga tena kwa sababu wino ulikuwa hafifu.

Ofisini walisema fomu ile imekwenda upande.
Inasema tano, ukamataji sifuri: haiwezekani.
Mtakwimu, kijana mpole, hakuitupa;
aliihamishia safu ya Mengineyo.
Ripoti ina majedwali saba na jalada la kijani.
Mirungi inaongoza.

Mengineyo, asilimia mbili nukta tano.
Nimeitazama sana nukta ile.
Ni ndogo, imekaa sawasawa mahali pake,
na mlango wa choo
haujarudi.