Inchi Moja ya Ndani

Daftari langu la vipimo limeanza na jina lake:
Damayanti, Mtaa wa Rufiji.
Kifua thelathini na nne, kiuno ishirini na sita,
mkono mfupi, shingo ya mviringo, pamba.
Chini yake, kwa kalamu nyingine: atalipa Jumamosi.
Alilipa Ijumaa.

Wateja wengine walikuja na fasheni mkononi.
Mwaka huu mikono ivimbe kama maandazi,
mwaka kesho ikatwe mpaka begani.
Migongo ikaachwa wazi, ikafungwa kwa kamba na vishada.
Ikaja shifoni, inateleza chini ya sindano kama kamongo;
zikaja palazo, zikaja lenga zenye vioo
vilivyonichanja vidole,
na bibi harusi mmoja wa Isamilo alinililia hapa dukani
kwa sababu rangi aliyoichagua mwezi wa tatu
mwezi wa sita ilikuwa ya kizee.
Nilishona vyote. Fasheni imenisomeshea watoto,
siwezi kuitukana.

Ila yeye alikuwa na sari zake chache, basi.
Ya kushindia. Ya kwendea hekaluni, pindo la kijani.
Nyekundu ya vidoadoa aliyoolewa nayo,
kila kidoa kimefungwa uzi na mkono wa mtu huko Kachi.
Na nyeupe ya misiba.
"Hii haichakai, Minza," alisema,
"lakini huombi ipate kazi."
Ikifuliwa, yadi sita zilitandazwa juu ya jiwe nyuma ya nyumba,
kokoto nne zimeikalia
upepo wa ziwa usiipeleke Ukerewe.

Kwenye blauzi alikuwa na sharti moja:
"Niachie inchi moja ya ndani, kila upande.
Mwili ni mgeni, hautoi taarifa."

Thelathini na sita, alipojifungua Bharat.
Thelathini na tisa.
Kila mara nilifumua, nikaachia kidogo,
na matundu ya mshono wa zamani yakabaki kwenye kitambaa
kama njia ya siafu waliokwisha kupita.

Mwaka wa Elinino alikuja saa ya chakula, peke yake.
Akafunga mlango wangu mwenyewe, akavuta pazia.
Upande wa kushoto palikuwa na mshono usio wangu,
wa mtu aliyekuwa na haraka.
Sikuuliza Bugando au Bombei.
Nilichambua pamba, nikaiviringisha ndani ya bitana,
nikaipima uzito kwa kiganja, nikaongeza, nikapunguza.
Nje wadudu wa ziwani walikuwa wameufunika mtaa, taa zikawashwa mchana.
Daftarini niliandika tu:
kushoto, sawa na kulia.

Mwezi uliopita amekuja Hetal, mjukuu, kutoka Lesta,
na ile nyekundu ndani ya mfuko wa plastiki.
Anasema huko za bibi ndizo zimerudi,
wenzake wanazinunua kwa bei ya pikipiki.
Nikaifumua blauzi. Ile inchi ikatoka
nyekundu kabisa, nyekundu ya siku ya harusi,
jua halijawahi kuiona.

Akaivaa mbele ya kioo. Kidole chake kikasimama.
"Hii nini, huku kushoto?"
Nilikuwa na pini mdomoni.
Pini zimeniokoa mara nyingi katika kazi hii.
"Ni mtindo wa zamani?" akauliza.
Nikatikisa kichwa: ndiyo.
"Nitolee."

Nimeitoa. Iko kwenye droo, na chaki na vishikizo,
imekuwa ngumu kidogo, imeshika umbo.
Juzi Kabula wa cherehani ya pili aliiona,
akadhani ni ya kuchomekea sindano,
akainua mkono na sindano yake.

Nilimnyang'anya kwa nguvu mpaka leo hajanielewa.