Glavu Nyeusi

Mwaka ule Kisimba alinipa kazi ya kubeba mabati ya filamu
kutoka stesheni hadi ukumbini, Kamalondo.
Mabati mazito kuliko mkungu wa ndizi,
na ndani yake Waitalia wamejikunja, wanasubiri umeme.

Malipo: kuketi bure, nyuma kabisa, chini ya mwale wa mashine
ambamo vumbi lilirukaruka kama nzi wa fedha.

Hadithi sikuielewa. Nani aliielewa?
Midomo ilisema Kiitalia, sauti ikaja kwa Kifaransa,
ikichelewa kidogo, kama mgeni aliyekosea mtaa,
na juu ya yote Kisimba akitupigia Kiswahili chake:
"Usifungue, mama! Aa. Amefungua."

Lakini rangi.
Rangi nilizielewa.
Ngazi ya kijani, kijani kile kile cha malakiti
anayoichonga mjomba Chola kuwa vibweta na mamba wadogo.
Dirisha la buluu, na nje hakuna mwezi.
Ukuta mwekundu, pazia jekundu, kisha koo.
Na jicho moja, kubwa kuliko mlango wa kanisa,
lisilopepesa.

Muuaji hakuwa na uso. Alikuwa na glavu:
ngozi nyeusi, inayolia kwa sauti ndogo
kila vidole vinapojikunja.

"Usiogope," Kisimba aliniambia akirudisha filamu kwenye gurudumu lake.
"Damu inayong'aa hivi ni ya kupaka milango."

Nilirudi kambini mbio.
Saa nane za usiku mlango ukasukumwa, polepole.
Huko nyuma, mbali, kiwanda kilikuwa kinamwaga mavi ya shaba
juu ya mlima wake mweusi,
na anga likawaka, na chumba kikawaka:
sufuria, chandarua, kalenda ya Bikira,
vyote vyekundu,
na mkono wenye glavu nyeusi ukashika mwimo.

Nilipiga kelele hadi majirani wakawasha taa.

Baba alicheka. Akavua glavu ya kulia.
Kisha akaketi, akasita,
akavua ya kushoto kwa meno.
Kidole chake cha nne kilikuwa kifupi kuliko asubuhi,
kimefungwa kitambaa, na kwenye kitambaa doa,
rangi ya chai iliyolala.
Lisingemshtua mtu yeyote pale ukumbini.

Hapakuwa na muziki.
Mama aliliangalia doa, akaniangalia mimi,
akaenda kuchemsha maji.