Swali la Nne (b)

Umeandika, Nyamvula,
"Alkali hugeuza litmasi nyekundu ikawa buluu."
Nimekupa alama mbili, zako, kamili.
Lakini litmasi ilituishia tangu mwezi wa tatu,
na kwetu Kibokoni hatukuwahi kuwa nayo.
Tulikuwa na manjano.

Ijumaa moja mchuzi ulimwagikia kanzu ya baba.
Mama akaisugua kwa sabuni ya mche
na doa la njano likageuka jekundu,
wekundu wa kuchinjwa kitu.
Akapiga ukelele. Akakamua ndimu:
njano ikarudi, imetulia,
kama haikutenda neno.

Magadi ya maharage, yaloweshe, sugua vidole.
Wasikia utelezi?
Si wa magadi.
Ni mafuta ya ngozi yako mwenyewe
yanaanza kuwa sabuni.

Bi Mwanakheri pale Kuze, muuza tambuu,
alipaka chokaa jani kwa ncha ya kidole cha mwisho.
Ikizidi, hubabua ulimi.
Ikipungua, popoo haitoi rangi.
Hakuna mizani duniani iliyomshinda kidole kile.

Chokaa yake ilitoka kwa ami yangu, Shekuwe,
aliyechoma matumbawe Mtongwe, siku tatu, kwa magogo ya mikoko.
Jiwe likipoa hulinyunyizia maji
nalo huchemka upya, bila moto,
kama mtu aliyekumbushwa deni.

Jicho lake la kushoto lilikuwa jeupe.
Maji ya betri, alisema, hukupigia kelele, ukaruka.
Chokaa ina adabu. Haibishi hodi.
Huingia polepole, hulainisha inapopita,
na wewe wapangusa kwa kikoi, wasema si neno,
hata ufike nyumbani.

Kitabu kinasema asidi ina chembe ya kutoa
na alkali ina nafasi ya kupokea;
wakikutana wakatoshana, hubaki chumvi na maji,
yale yale yanayotoka kwenye bomba letu hapa Tudor
na bili inakuja.
Ni kweli. Kariri hivyo.

Ila ikikurukia jichoni, mwanangu,
usitafute ndimu, usitafute kulinganisha.
Maji. Maji mengi, robo saa, nusu saa,
jicho wazi, hata ukilia.
Swali la nne (b) halikuuliza hilo.
Nimeliandika pembeni, kwa wino mwekundu.