Tambi Zisizochanwa

Miaka kumi na tisa kaka yangu Mwinjuma
ameipika lazania kule Oysterbay,
akaionja kwa ncha ya kijiko, akiwa wima,
mgongo umeegemea friji,
kisha sahani ikatoka mlangoni
ikaenda kukaa na watu.

Jumamosi hii ilikuja Tabata.
Ilikuja kwa miguu yetu:
nyama ya kusaga ya bucha la kona,
nyanya za Ilala zilizoiva mpaka zinaona haya,
na jibini, kipande kidogo
kilichofungwa kama dawa ya mtoto.
Bei yake tulikubaliana
Shangazi asitajiwe.

Shangazi Kuruthumu alifika mapema,
kanga ya pili kiunoni, tayari kwa vita.
Akashika kipande cha unga, kipana, kikavu,
akakiinua kwenye mwanga kama anayekagua noti.
"Nini hii?"
"Tambi, Shangazi."
"Tambi gani? Mbona hazijachanwa?"
"Ndivyo zilivyo."
"Sukari iko wapi? Iliki? Nazi?"
Mwinjuma akajibu kwa adabu: hizi zina nyama.
Shangazi akaketi.
Akasema tambi zenye nyama
ni sawa na harusi yenye polisi.

Oveni hatuna. Hilo tulilijua.
Tuna sufuria pana la shughuli, tuna makaa,
na tunaye Mama Nzowa wa nyumba ya pili,
aliyesomesha watoto sita kwa mkate wa kumimina,
anayeijua lugha ya moto wa juu na moto wa chini.
Kaka yangu, mwenye vyeti viwili ukutani,
akawa anaambiwa:
"Punguza chini, baba. Chini panaunguza,
juu ndiko kunakopendezesha."
Akapunguza.

Tabaka la nyama. Tabaka la unga.
Tabaka la ule uji mzito wa maziwa na siagi
ambao mwiko wake watoto walishaulamba.
Na juu yake, tabaka.
Nilimtazama anavyotandika, taratibu, pembe kwa pembe,
nikamkumbuka mama usiku,
sisi saba, vitanda viwili,
shuka moja ikivutwa huku mpaka ifike kule.

Harufu ilitangulia chakula.
Ikaruka michongoma, ikaingia uani kwa watu.
Akaja Baba Salha, eti anaazima tindo.
Wakaja vijana wawili wa kuosha magari,
hao hawakusumbuka na kisingizio.
Deusdedit akaja na kreti zima la soda,
akauliza, kabla ya salamu, kama pilipili ipo.
Ipo. Mbuzi.
Na kachumbari pia, maana sisi nasi tuna kwetu.

Kipande cha kwanza kilivunjika,
kikamwagika kama mtu aliyepewa habari njema.
Cha pili kikasimama.
Wa mkono wakala kwa mkono,
wa uma wakahangaika na uma,
jibini likavutika toka sahani hadi kidevu
na Rehana akakimbilia rula yake ya shule
apime uzi wa nani mrefu.

Ndipo nilipomwona.
Amesimama.
Mgongo ukutani, kitambaa begani,
macho yanahesabu sahani za wengine.
Mkononi kijiko, na kwenye ncha yake, kidogo tu.

Hatukusema kitu.
Ila Shangazi, mdomo umejaa,
alisogea kwenye mkeka,
akaipiga kwa kiganja ile nafasi aliyoiacha,
mara mbili.

Akakaa.
Magoti yakalia yote mawili.
Tukampa kipande cha ukingoni,
kile kilichong'ang'ania sufuria, cheusi kidogo,
ukoko, tuuite kwa jina lake.
Akatafuna. Tukanyamaza wote,
hata waosha magari.
Akameza.

"Chumvi imepungua," akasema,
akaisogeza sahani aongezwe.