Chanzo cha Maji

Walinipakia Mkoani, Jumatano, saa mbili za asubuhi,
mimi, Mize binti Kombo, mpishi wa siku kumi na mbili,
na kisu changu, na mbuzi ya nazi, na ndimu hamsini.
Jina la yoti yao sikuweza kulitamka,
lilikuwa na herufi iliyokatwa tumboni.
Nikaiita Mbayuwayu.

Sheria ya kwanza ilikuwa maji.
Sahani huoshwa kwa ya bahari,
husuuzwa kwa kikombe kimoja cha matamu, kimoja tu.
Mimi wa Pemba, niliyekulia penye mvua
inayojaza mitungi bila kuombwa,
nikahesabu matone kama mwenye duka la deni.
Ya pili, choo: pampu mara ishirini,
mkono juu, mkono chini, wala usicheke.
Ya tatu hawakuitaja, niliijua mwenyewe:
Bibi Gudrun na Bwana Asger
hawasemezani kabla ya kahawa.

Jiko lao linaning'inia kwa bawaba mbili;
chombo kikilala ubavu, lenyewe husimama wima.
Nililihusudu jiko lile.
Usiku wa mkondo wa Misali
nilikuwa sakafuni, tumbo limenifika kooni,
na mchuzi wangu juu umetulia kama kadhi.

Bwana Asger alinifunulia ramani.
Namba tupu. Kina kwa mita, mwamba, mchanga, matope.
Nikaitafuta Ukunjwi kwa kidole:
kumi na moja, nane, tano na nukta mbili,
kisha rangi ya manjano, kisha hamna kitu.
Nikamwambia, hapa penye manjano
ndipo kilipozikwa kitovu changu.
Akashika penseli, akaniuliza kwa adabu kubwa:
kitovu, ni mwamba au mchanga?

Siku nyingine hakuna la kusimulia.
Magodoro yana unyevu. Mkate naupika katika sufuria ya presha.
Tanga limechanika kwapani, Bibi analishona
miwani puani, uzi mdomoni.
Jioni huandika daftarini:
upepo, saa, kina, na nilichopika.
Nilimwomba anisomee. *Changu wa nazi. Chumvi, kidogo.*
Sikujua kama kidogo ni sifa au lawama.

Siku ya nane tukatia nanga kati ya Fundo na kwetu.
Nikaazima darubini.
Mama alikuwa uani, anageuza karafuu kwa mguu
kwenye jamvi lile lile lenye kiraka cha bluu.
Akasimama, akakinga jua kwa kiganja,
akatutazama kama watazamwavyo wageni,
kidogo tu, kisha mguu ukarudi kwenye karafuu.
Nilikuwa nimempungia mkono.
Yeye anajua niko Chake, hotelini, nafua mashuka.

Maji yakaisha, bila shaka.
Nikashushwa na boti ya mpira, madumu matatu,
kofia ya Bibi kichwani, fulana ya kuokolea kifuani.
Katoto kakanifuata majini, kakaniomba kalamu
kwa Kiingereza.
Nikamuuliza, we mwana wa nani?
Akaruka nyuma. Akawapigia kelele wenzake:
Yuno asema kama siye!

Mama hakupiga kelele.
Alinitazama kofia, akanitazama fulana,
akayatazama madumu.
“Mgeni gani huyo,” akasema, “aombaye maji kwao?”
Akafungua mfereji.
Hatukusema kitu mpaka dumu la pili likajaa.
Hapo akauliza, huko mwalala wapi?
Nikamwambia, ndani, mama, kuna vitanda,
vyembamba kama mwanasesere.
Akauliza, na hao, wana watoto?
Nikagundua sijui.

Usiku ule nilisuuza kwa vikombe viwili.
Bibi Gudrun aliona. Alikuwa na daftari magotini.
Akaniuliza jina la mama, herufi kwa herufi,
R, I, Z,
akaandika mbele ya lita sitini.
Asubuhi, kabla ya kahawa, nikamuuliza juu ya watoto.
Akaniambia mmoja. Akaniambia, alikuwepo.
Nikaendelea kukuna nazi.