Herufi Iliyokwama

Ulimi hauna mfupa, husemwa.
Wangu unao. Uko pale kati ya Ye na su,
nao niliubeba hadi Dundee
kwa basi la alfajiri kutoka Thurso,
pamoja na soksi jozi nane
na barua ya kanisa kwamba nitajitolea
wiki kumi, bila mshahara,
kuhubiri barabarani.

"Hata Musa alikuwa mzito wa kusema," alisema mama.
Kila mtu hunipa Musa
kama mwenye mafua anavyopewa limau.
Hawasemi kwamba Musa alipewa na Haruni.

Haruni wangu ni Catriona, miaka sitini na tisa,
zamani mpokea simu wa kiwanda cha jemu,
sauti yake huvuka barabara
bila kuangalia kushoto wala kulia.
Yeye hushika kipaza sauti. Mimi hushika trakti,
nanyoosha mkono, natabasamu,
na watu hukumbuka ghafla kuwa wana simu.

Kila Ijumaa tunajaza fomu.
Trakti zilizotolewa. Mazungumzo. Walioombewa.
Bwana Tulloch, mtu mpole wa viatu visafi,
hujumlisha kwa penseli.
Wiki ya kwanza: mia mbili na kumi, sifuri, sifuri.
Wiki ya pili: mia moja na tisini, sifuri, sifuri,
na arobaini nilizoziokota mwenyewe
zimelowa, zina alama za soli juu ya neno UZIMA.
Fomu haina safu ya zilizookotwa.

Wiki ya tatu, Jumanne, mvua
ile ya kwao, isiyonyesha wala kuacha,
Catriona alikwenda kung'olewa jino.
Nikabaki na kona, na vesti ya njano,
na shakwe mmoja juu ya pipa la taka
akinitazama kama mtu wa kodi.

Mwanamume akatoka duka la kamari
na chipsi ndani ya karatasi. Siki ilinukia hadi kwangu.
"Haya," akasema, "na wewe unauza nini?"

Nikafungua mdomo.
Ye—
Basi likapita.
Ye— Ye—
Najua kinachofuata. Watu ni wema:
hunimalizia, kwa kukisia,
wakanikabidhi neno langu mwenyewe kama chenji,
wakaenda zao. Au hucheka.
Au hutazama viatu vyangu
hadi mimi ndiye niwaonee huruma.

Huyu hakumalizia.
Hakula. Alishika chipsi zikapoa,
mvua ikaingia kwenye karatasi,
akanitazama machoni, si mdomoni,
kama mtu aliyeshikilia mlango
kwa anayekuja polepole na mizigo.

Ye—

Sijui ni muda gani. Chipsi za juu zilikwisha lainika.

—su, nikasema.

"Aha. Huyo," akasema.
"Mimi na yeye hatusemezani.
Ila umeianza sentensi. Imalize."

Nikaimaliza. Ilikuwa fupi,
ile ya ukurasa wa pili wa trakti,
na ilipotoka nzima niliisikia
kama imesemwa na mtu mwingine,
nikaona haya: ilikuwa na hakika kunishinda.

Akatazama chipsi zake.
"Mwanangu Lachlan ana ulimi kama wako.
Nilikuwa nikimmalizia. Kila neno, miaka kumi na saba.
Niliona ni msaada." Akanyamaza.
"Yuko Perth. Hapigi simu."

Akaniletea karatasi karibu. Nikachukua moja.
Baridi, chumvi tele.
Trakti hakuchukua.

Ijumaa Bwana Tulloch alichonga penseli.
Trakti, hamsini na tatu. Mazungumzo, moja,
akainua macho akafurahi kwa kweli,
hadi masikio yake yakawa mekundu.
"Na walioombewa?"

Kwa kuwa usiku ule, kitandani,
nililitaja jina la kijana wa Perth
bila kukwama hata mara moja,
nikafungua mdomo nimwambie.
L—
L—

"Hakuna," akanimalizia Catriona,
shavu lake bado limevimba,
kwa upendo.

Akaandika sifuri.
Nzuri, ya mviringo.